Mwanafunzi wa udaktari ajifunze ukoma kwa vidole vyake, si kwa picha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie namna ukoma unavyofundishwa katika vyuo vya udaktari, utabibu na uuguzi. Hoja yetu ni moja: ugonjwa huu hugunduliwa kwa vidole vya mpimaji, lakini vyuoni unafundishwa kwa macho peke yake. Mwanafunzi huoneshwa picha ya mkono uliopoteza vidole, akaandika "ukoma" daftarini, akafaulu mtihani, kisha akahitimu akiwa tayari kuutambua pale tu unapokuwa umeshamaliza kazi yake.

Picha ile inaonesha matokeo ya miaka mingi ya kuchelewa. Ukoma unaoanza hauna sura ya kutisha. Ni baka moja au mawili, yamepauka au yana wekundu kidogo, hayawashi, hayaumi, hayatoi maji. Mwenye nalo halijali, na likiwa mgongoni au matakoni huenda hata halijui. Akifika kliniki hupewa dawa ya fangasi ya kupaka. Akirudi hupewa nyingine. Wakati huo mshipa wa fahamu ulio chini ya baka unaendelea kufa kimyakimya, na aliyeandika dawa ile hakuwa mzembe. Hakuna aliyewahi kumsimamia akipima baka kwa pamba.

Somo hili lilisinyaa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni neno. Mwaka 1991 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii kufikia mwaka 2000, kipimo kikiwa chini ya mgonjwa 1 aliyesajiliwa kwa kila watu 10,000. Kwa hesabu ya dunia nzima lengo lilifikiwa. Wapanga mitaala wakasikia "kutokomeza", maneno yaliyofuata yakapita juu ya vichwa vyao. Tena kipimo chenyewe kina mtego: kinahesabu walio kwenye dawa. Chukua mahali penye wagonjwa wapya 100 kila mwaka. Tiba ikiwa ya miezi 24, rejista itakuwa na watu kama 200. Ukiifupisha iwe ya miezi 12, watabaki kama 100. Rejista imepungua nusu, na waliougua mwaka huo ni walewale 100. Ndiyo maana mwalimu anayetaka kusema ukweli wa leo huanza na wagonjwa wapya. Mwaka 2023 waliripotiwa zaidi ya 180,000 duniani, India, Brazili na Indonesia zikiongoza, na zaidi ya 9,000 kati yao waligunduliwa wakiwa tayari na ulemavu unaoonekana. Watoto walikuwa zaidi ya 10,000, na mtoto mwenye ukoma maana yake ni kwamba karibu naye kuna mtu mzima ambaye hajatibiwa. Nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeuondoa kabisa ni Yordani, nayo ilipata uthibitisho huo mwaka 2024 tu.

Kuhusu kidudu chenyewe, mwanafunzi akielewa tabia zake mbili hana haja ya kukariri orodha ndefu. Mycobacterium leprae, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norwei, mwaka 1873, hujigawa mara moja tu katika wiki mbili hivi. Kwa mwendo huo wa kinyonga, dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, wakati mwingine 20 au zaidi. Basi swali la "uliishi nyumba moja na nani zamani?" lina faida kuliko "umekutana na nani mwezi uliopita?" Tabia ya pili ni kupenda ubaridi: hustawi kwenye joto la nyuzi 30 hadi 33 hivi, chini ya joto la ndani ya mwili. Kwa hiyo utamkuta kwenye ndewe za masikio, pua, mashavu, viwiko na magoti, na kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, pale zinapopita karibu na ngozi. Kwapani, kinenani na chini ya nywele za kichwa humkuti kwa kawaida. Maabara bado haijaweza kumwotesha kwenye chakula cha bakteria, hivyo anayesubiri majibu ya kuotesha atasubiri milele. Maambukizi hupitia matone ya puani na mdomoni kwa kukaa karibu muda mrefu na asiyetibiwa, na watu wengi mno wana kinga ya asili. Haya yanatosha dakika 20 za darasani. Kazi kubwa iko kwenye kitanda cha kupimia.

Dalili kuu ni tatu, na moja tu iliyo wazi inatosha kuthibitisha ugonjwa: baka lililopauka au jekundu lililopoteza hisia, neva iliyonenepa pamoja na ganzi au udhaifu wa misuli inayohudumiwa nayo, au vijidudu kuonekana kwenye sampuli ya ngozi. Kila mwanafunzi huzitaja bila kusita. Mwambie azitafute, ndipo utakapoona pengo.

Kosa la kwanza ni mwanga. Baka lililopauka halionekani chini ya taa ya njano ya wodini. Mpeleke mgonjwa karibu na dirisha, mwanga wa mchana umpige kwa ubavu. Avue nguo kwa awamu, sehemu moja ikifunikwa kabla nyingine haijafunuliwa, na awepo mtu wa jinsia yake. Kuchungulia kupitia mkono wa shati si kupima, maana anayehesabu mabaka ya mbele tu anaweza kupata manne wakati mgongoni yako mengine matano, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua tiba. Baka la ukoma limepauka, si jeupe pe. Likiwa jeupe kama chaki, fikiria kwanza ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi. Likibanduka unga ukilikwaruza, fikiria fangasi. Likiwa na ukingo unaowasha, fikiria choa. Likiwepo tangu kuzaliwa na halijabadilika, huenda ni alama tu.

Kisha pamba. Sokota ncha yake iwe nyembamba kama utambi. Mweleze mgonjwa, mguse kwanza kwenye ngozi nzima akiwa anaona, naye aoneshe kwa kidole kimoja pale ulipogusa. Akishaelewa, afumbe macho. Gusa ngozi nzima, gusa katikati ya baka, rudi kwenye ngozi nzima, na ubadilishe mwendo asiweze kukisia. Hapa makosa ni mengi kuliko mahali pengine pote. Wapo wanaoburuta pamba badala ya kugusa na kuinua. Mburuto huvuta vinyweleo na hisia hupatikana hata kwenye baka lililokufa ganzi. Wapo wanaouliza "unahisi?" kila wanapogusa, na mgonjwa mwenye adabu atajibu "ndiyo" mpaka mwisho. Wengine hugusa ukingoni tu, au hawagusi kabisa ngozi nzima, hivyo hawajui kama mgonjwa ameelewa zoezi. Na mabaka ya usoni yanahitaji tahadhari: uso una neva nyingi, baka la ukoma linaweza kuwa na hisia karibu kamili. Hisia za usoni zikiwepo hazifuti shaka. Pima neva, chukua sampuli.

Neva ndizo zinazowatisha wanafunzi, na hofu hiyo ina sababu rahisi: hawajawahi kupapasa neva isiyo na ugonjwa. Anayeanzia kwa mgonjwa ataita kila kamba "nene". Sisi tunashauri kila mwanafunzi apapase viwiko vyote viwili vya wenzake 10 kabla ya kuingia kliniki. Neva 20 zenye afya zinaupa mkono kipimo chake. Mkono wa anayepimwa uwe umekunjwa kiasi kwenye kiwiko na umeshikiliwa na mpimaji ili misuli ilegee. Tafuta kifundo cha mfupa upande wa ndani wa kiwiko, shuka kwenye mfereji ulio nyuma yake, utaikuta neva ya alna. Ipapase kwa nyama za vidole viwili au vitatu, si kwa kucha, ukiiviringisha taratibu, kisha uifuate juu ya kiwiko kwa upana wa vidole vinne hivi. Muda wote huo macho yako yawe usoni mwa mgonjwa, kwa sababu maumivu huonekana pale kabla hajasema. Halafu fanya upande wa pili. Bila kulinganisha pande mbili hakuna anayejua unene ni upi, ingawa neva zote mbili pia zinaweza kuwa zimenenepa, na hapo ndipo zile 20 zinapokufaa.

Neva ya nje ya goti utaipata mgonjwa akiwa amekaa, goti likiwa limekunjwa: tafuta kichwa cha mfupa mwembamba wa nje, shuka kidogo nyuma yake pale mfupa unapopungua, nayo hupita ikizunguka shingo ya mfupa huo. Ile ya unyayo iko nyuma na chini ya kifundo cha ndani cha mguu, nusu ya njia kuelekea kisigino. Ya shingoni huonekana mgonjwa akigeuza kichwa upande wa pili. Inakatiza juu ya msuli mkubwa wa shingo kuelekea sikioni, na mara nyingi huchanganywa na mshipa wa damu uliopo hapohapo. Bonyeza: mshipa wa damu hunywea, neva hubaki kama uzi mgumu.

Nguvu za misuli hupimwa kwa dakika tatu na hazihitaji kifaa chochote. Mgonjwa afumbe macho kwa ulaini kama aliyelala. Pengo likibaki kati ya kope, lipime kwa rula kwa milimita na uandike. Kiganja kikitazama juu, atanue kidole cha mwisho nawe ukisukume kwenye shina lake: hiyo ni alna. Gumba liinuliwe lielekee pua ya mgonjwa, ulisukume chini: hiyo ni neva ya kati ya mkono. Mkono ukunjwe kwenda juu kwenye kifundo, na mguu uvutwe juu huku ukiukandamiza: hizo ni neva ya redio, inayoinua kifundo cha mkono, na ile ya nje ya goti. Matokeo huandikwa kwa maneno matatu tu, nguvu kamili, dhaifu, au imepooza. Hisia za kiganja na unyayo hupimwa kwa nyuzi maalumu zinazopinda kwa uzito uliopangwa, ile ya gramu 2 kwa kiganja na ya gramu 10 kwa unyayo, kila moja ikibonyezwa mpaka ipinde kisha iondolewe. Pasipo na nyuzi, kalamu ya wino hufanya kazi, mradi iguse ngozi kiasi cha kuacha kibonyeo kidogo na isiburutwe. Penye sugu nene usipime juu yake. Pima pembeni, la sivyo utarekodi ganzi ya sugu badala ya ganzi ya neva.

Vipimo hivyo vikifanyika siku ya kwanza tu havina thamani kubwa. Neva inaweza kufa bila maumivu yoyote, na dalili pekee huwa tofauti kati ya karatasi ya mwezi uliopita na ya leo. Udhaifu au ganzi iliyoanza ndani ya miezi 6 bado ina nafasi nzuri ya kurudi ukitoa mapema prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe. Iliyopita hapo nafasi hupungua sana. Kwa hiyo mwanafunzi afundishwe kupima kila mgonjwa anapokuja kuchukua dawa, na kuilinganisha karatasi mpya na ya zamani mbele ya mgonjwa.

Sampuli ya ngozi huchukuliwa kwenye ndewe za masikio na kwenye ukingo wa baka. Bana ngozi kwa vidole mpaka damu ikimbie na ngozi iwe nyeupe. Huo mbano ndio siri, usiulegeze. Kwa kisu cha upasuaji namba 15 chana urefu wa milimita 5 na kina cha milimita 2 hadi 3, geuza kisu nyuzi 90, kwangua kuta na sakafu ya mchano mara mbili au tatu, paka majimaji yale kwenye kioo katika duara dogo, yakauke, yapitishe juu ya moto, upake rangi ya Ziehl-Neelsen, inayovifanya vijidudu vionekane vyekundu. Damu ikichanganyika, msomaji wa hadubini ataona chembe nyekundu za damu tu. Usomaji hutumia ngazi za Ridley kuanzia 0 hadi 6: 1 ni vijidudu 1 hadi 10 katika viwanja 100 vya hadubini, 6 ni zaidi ya 1,000 katika kila kiwanja. Jambo la kusisitizwa mara tatu ni kwamba jibu hasi haliondoi ukoma. Wagonjwa wengi wenye mabaka machache hawana kijidudu hata kimoja kwenye kioo. Kuna madaktari wanaomrudisha mtu nyumbani na baka la ganzi kwa sababu maabara imesema hasi.

Mgawanyo wa tiba ni rahisi. Mabaka 1 hadi 5 na sampuli hasi ni kundi la vijidudu vichache. Mabaka 6 au zaidi, au neva kuhusika, au sampuli chanya hata kwa baka moja, ni kundi la vijidudu vingi. Kwa mtu mzima, mara moja kwa mwezi mbele ya mhudumu humezwa rifampisini miligramu 600 na klofazimini miligramu 300. Kila siku nyumbani dapsoni miligramu 100 na klofazimini miligramu 50. Tangu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 makundi yote mawili hupewa dawa tatu, miezi 6 kwa la kwanza na 12 kwa la pili. Vitabu vingi vilivyoko maktabani bado vinasema dawa mbili kwa kundi la kwanza. Mwalimu avisahihishe kwa kalamu. Sababu ya kuchanganya dawa nayo isimuliwe: dapsoni ilitumika peke yake kwa miaka mingi, na usugu wake ukathibitishwa mwaka 1964. Mwenye kifua kikuu pamoja na ukoma hupata rifampisini ya kila siku kwa kifua kikuu, basi ile ya mwezi haihitajiki. Dawa nyingine za ukoma zinaendelea. Swali hili hatujaliona kwenye mitihani, na kliniki linakuja.

Mgonjwa aambiwe mapema kuwa mkojo utakuwa mwekundu siku ya rifampisini na kwamba klofazimini itaifanya ngozi kuwa nyeusi zaidi, weusi utakaopungua miezi kadhaa baada ya tiba. Asipoambiwa huacha dawa, na hatuwezi kumlaumu. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aelezwe kuwa rifampisini huvipunguzia nguvu. Dapsoni hupunguza damu, hasa kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na kwa wachache huleta homa, vipele vinavyobanduka na macho ya njano katika wiki za mwanzo. Ikitokea hivyo dapsoni inasimamishwa palepale na hairudishwi tena.

Kama kungekuwa na saa moja tu ya kufundisha ukoma, tungeitumia kwenye mpambano wa kinga, yaani pale kinga ya mwili inapovishambulia vijidudu na kuvimbisha ngozi na neva. Hapa ndipo watu wanapolemaa wakiwa mikononi mwetu. Katika aina ya kwanza, mabaka yaliyokuwa yametulia huvimba na kuwa mekundu, neva zikauma au zikapoteza nguvu ghafla. Katika aina ya pili, mgonjwa mwenye vijidudu vingi hupata homa, vinundu vyekundu vinavyouma chini ya ngozi, maumivu ya viungo, jicho jekundu, pengine korodani kuvimba. Vyote viwili vinaweza kuja kabla ya dawa, katikati yake, au miaka baada ya kumaliza. Daktari asiyefundishwa hufanya moja ya makosa matatu. Huita mzio wa dawa na kusimamisha tiba yote, jambo lisilotakiwa, maana dawa za ukoma zinaendelea bila kukatizwa. Au huita homa ya maambukizi, akatoa antibiotiki wiki baada ya wiki. Au hutambua vizuri, kisha akaandika prednisoloni ya siku 5 kama anayetibu pumu. Neva iliyovimba inahitaji kuanza na miligramu 40 kwa siku au karibu miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, ikipunguzwa kidogo kidogo kwa takriban wiki 20, na nguvu za misuli zikipimwa upya kila mara kabla ya kupunguza. Kabla ya kuanza, uliza kikohozi cha muda mrefu, pima sukari na shinikizo la damu, tibu minyoo. Kuna mnyoo aitwaye Strongyloides ambaye huweza kuua mtu aliyepewa dawa hiyo bila kutibiwa kwanza. Thalidomaidi hufanya kazi vizuri sana kwa aina ya pili na haina kazi kwa aina ya kwanza, na kwa kuwa hulemaza mtoto tumboni, haipewi mwanamke anayeweza kushika mimba bila ulinzi mkali kabisa.

Nyayo zinapewa dakika tano mwishoni mwa kipindi, kama zinapewa. Na bado kuna wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaoamini kwamba kijidudu hula vidole. Daktari mpasuaji Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alionesha kwamba nyama ya mkono wenye ganzi ni nyama ya kawaida: huharibika kwa kuungua, kukandamizwa na kuoza kwa majeraha ambayo mwenyewe hayasikii, na ikipumzishwa hupona. Kidonda cha unyayo basi hakitibiwi kwa dawa za ukoma wala kwa mafuta ya ajabu. Hutibiwa kwa kuondoa uzito juu yake: pumziko, magongo, plasta maalumu ya mguu. Mgonjwa afundishwe kuloweka miguu kwenye maji ya kawaida, yasiyo ya moto, dakika 20 hadi 30 kila siku, kusugua sugu kwa jiwe, kupaka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu, kutazama unyayo kwa kioo, na kuvaa kiatu chenye soli ngumu nje na laini ndani bila misumari. Mwanafunzi afanye kazi hiyo kwa mikono yake walau mara moja.

Waliokaa karibu na mgonjwa wachunguzwe wote. Asiye na dalili za ukoma wala kifua kikuu, mwenye umri wa kuanzia miaka 2, anaweza kupewa rifampisini mara moja tu, miligramu 600 kwa wenye miaka 15 na zaidi na 450 kwa wa miaka 10 hadi 14. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Bangladesh dozi hiyo ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka 2 ya kwanza. Uchunguzi utangulie dozi, kwa kuwa dawa moja peke yake kwa mtu mwenye ugonjwa tayari ndiyo njia ya kutengeneza usugu. Idhini ya mgonjwa nayo itangulie, maana kumtembelea jirani kwa sababu ya ugonjwa wake ni kumtangaza.

Tuseme pia kuhusu maneno. Faili liandikwe "mgonjwa mwenye ukoma" au "aliyeathirika na ukoma", si "mkoma". Aliyemaliza dawa amepona, hata kama mkono umepinda; kumwandika mgonjwa maisha yake yote ni kosa la kitabibu kwanza, la adabu baadaye. Na anayefundisha maadili asimsahau Hansen huyohuyo: mwaka 1879 alimchoma jichoni mwanamke bila idhini yake ili kuthibitisha maambukizi, na mwaka uliofuata mahakama ikamvua wadhifa wake wa udaktari hospitalini. Gunduzi na kosa vya mtu mmoja vinakaa vizuri katika kipindi kimoja.

Sasa wapi pa kuyaweka yote haya, wakati mtaala umejaa? Hatuombi somo jipya. Neva ya alna tayari inafundishwa kwenye anatomia; wanafunzi waipapase siku hiyohiyo. Vijidudu vyenye rangi nyekundu tayari vinasomwa kwa ajili ya kifua kikuu. Slaidi moja ya ukoma iwekwe pembeni yake. Dapsoni na prednisoloni ziko kwenye famakolojia. Kope zisizofumba ziwekwe kwenye kozi ya macho, mkono wa makucha kwenye mifupa, vinundu na homa kwenye tiba ya ndani. Kliniki ya ngozi ibaki na siku mbili kamili za vitendo. Mahali pasipo na wagonjwa wengi, walioathirika waalikwe kama wakufunzi kwa ridhaa na malipo yao, na wasipapaswe na zaidi ya wanafunzi watatu au wanne kwa kipindi. Neva iliyovimba inauma, na mwanafunzi wa kumi na mbili hajifunzi chochote isipokuwa namna ya kumuumiza mtu. Picha ziwe za mabaka ya mwanzo, kwenye ngozi nyeusi na nyeupe, na ile ya mkono usio na vidole ioneshwe mwisho.

Zaidi ya yote liwepo kwenye mtihani wa vitendo, maana wanafunzi husoma kinachotahiniwa, nasi tulikuwa hivyohivyo. Kituo kimoja cha dakika 8, mtu mwenye afya akiigiza mgonjwa, baka limechorwa mgongoni kwa rangi. Mtahiniwa aombe ridhaa, asogee kwenye mwanga, apime baka kwa pamba, apapase alna zote mbili, apime kope, kidole cha mwisho na gumba, aandike matokeo. Tunapendekeza alama 20, na makosa mawili yanayomwangusha hata akipata nyingine zote: kupima baka bila kugusa kwanza ngozi nzima, na kupapasa upande mmoja tu. Aliyeanguka arudie kituo hicho wiki inayofuata, mtihani wote uliobaki ukimsubiri.

Ni sisi,
Walimu wa magonjwa ya ngozi na mishipa ya fahamu